Vitambaa Vilivyonukia Vizuri

Alirudi nyumbani saa saba mchana, na mjukuu wangu si mtu wa kurudi saa saba. Hutoka jua likichomoza na kurudi likizama, magoti yamelowa na vidole vinanuka waksi. Siku ile aliingia kimya kimya, miguuni ana kandambili badala ya buti zake za mpira, akaketi kwenye kigoda changu cha kukatia mboga. Alikuwa ameukumbatia mkoba wake kifuani. Zipu ilikuwa wazi, na kitana kilikuwa kimechomoza nje kama ulimi.

"Unaumwa, mama?" nikamuuliza.

"Hapana, Bibi. Nimepumzishwa."

"Kupumzishwa ndiyo likizo?"

"Ndiyo hivyo hivyo."

Nimemlea huyu mtoto tangu ana miaka minne, mama yake alipopata kazi mbali. Uongo wake naujua, na si mwingi. Akidanganya hutazama miguu yangu. Siku ile aliitazama mpaka nikaona aibu kwamba sijakata kucha.

Sikumbana. Nilimpakulia chakula, akala vijiko vitatu, akasema ameshiba, akaenda kulala akiwa ameelekea ukutani.

Niwaeleze kazi yake, maana hata mimi nilichukua muda kuielewa. Yupo kwenye kituo cha kuosha magari, jirani na mzunguko wa barabara kubwa. Wenzake wanaosha, yeye anang'arisha. Gari likishaoshwa na kukaushwa husogezwa chini ya banda, kivulini, kwa sababu bodi ikiwa ya moto ile waksi ya kupuliza inakauka kabla hujaifuta. Kwanza anaweka kiganja juu ya boneti, kama unavyompima mtoto homa. Ikiwa imepoa anatikisa chupa, anapuliza kidogo tu, mara mbili au tatu, kisha anapitisha kitambaa sehemu moja moja: mlango huu uishe ndipo aende mlango ule. Kitambaa cha kwanza cha kutandaza, cha pili cha kufuta mpaka uone sura yako. Kioo cha mbele hakigusi, kwa sababu mvua ikinyesha wipa zitakijaza ukungu na dereva hataona njia. Haya yote alinifundisha jikoni, akifanya mazoezi kwenye kabati letu la bati. Kabati lenyewe lilikuwa la kijivu, halina maana. Baada ya miezi miwili nilikuwa nafunga kilemba mbele yake.

Kazini walimpa jina, wanamwita Kioo. Wapo wateja waliokuwa tayari kukaa saa nzima kwenye benchi wakimsubiri yeye, na si mwingine.

Sasa, pale pana utaratibu mmoja. Kila anayepiga waksi anakuja na vitambaa vyake na kuvifua kwake. Mwenye kituo anavyo vipya, vimejaa kabatini ofisini ndani ya nailoni, lakini vile ni vya kuwauzia wateja. Mjukuu wangu alikuwa na vyake kumi na viwili, vile vyenye nyuzi laini zinazonata kwenye kucha, na mfuaji wake ni mimi. Jioni navipokea, navifua peke yake bila kuvichanganya na nguo, navianika, na asubuhi navikunja vinne vinne. Hiyo ndiyo sehemu yangu ya kazi. Nikiona gari linameta barabarani, husema moyoni, huenda na mimi nimo humo.

Wiki mbili kabla ya siku ile, jirani yangu mshona nguo aliniletea chupa ya dawa ya kulainisha nguo, ile ya rangi ya waridi yenye harufu ya maua. Alikuwa ameniona nikikamua, akanionea huruma. "Tia kifuniko kimoja kwenye maji ya mwisho, Bibi," akasema, "nguo inakuwa kama pamba." Nikavifikiria vile vitambaa. Mikono ya mjukuu wangu ilikuwa imepasuka kwa maji na shampuu, na nilitaka kile anachokishika kutwa kiwe laini. Nikatia kifuniko kimoja. Siku zilizofuata nikatia viwili.

Kuna jioni moja, siku mbili kabla hajarudi ile saa saba, alisimama mlangoni akanitazama nikiwa na beseni.

"Bibi, leo niachie. Nitafua mwenyewe."

"Na mikono hiyo?"

"Nitavumilia."

"Nenda kapake mafuta. Wewe ng'arisha magari ya watu, mimi niachie matambara yangu."

Alikaa kidogo kama mwenye neno lingine. Kisha akacheka, akaenda kupaka mafuta. Sikulitia maanani.

Turudi kwenye siku ile. Saa kumi alasiri mlango ukabishwa. Alikuwa mwenzake wa kazini, baba wa watoto wawili, wanamwita Mrefu, na kweli aliinama kuingia. Ameleta buti za mpira za mjukuu wangu na mfuko wa vitambaa vyake. Alikuwa amezisugua matope yote, na ndani amezijaza magazeti ili zikauke. Niliziona zile buti kabla sijauona uso wake, nikajua huyu ni mtu wa watu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Kaa hapo. Mwenzako ameniambia ni likizo."

Mrefu aliutazama mlango wa chumbani, akashusha sauti.

"Likizo gani, Bibi. Ameitwa mwizi."

Nilikuwa nimeshika sufuria. Niliiweka chini polepole, nikamwambia aseme yote, asiruke hata neno.

Akasema. Kwa muda wa wiki mbili hivi magari ya Kioo yalikuwa yanatoka na michirizi. Mwanzo kidogo, mteja mmoja mmoja. Halafu juzi Mwalimu, mzee mmoja mstaafu mwenye gari jeusi analolipenda kupita kiasi, alilirudisha likiwa na ukungu juu hadi chini, kama dirisha la bafuni. Ndipo asubuhi ile mwenye kituo akawaita wote bombani, wafanyakazi na wateja waliokuwa kwenye benchi. Akainyanyua chupa ya waksi ya Kioo, akainusa, akamimina kidogo chini. Akasema hiyo si waksi, hayo ni maji na sabuni, na waksi yenyewe inauzwa nje.

"Mjukuu wangu alijibu nini?"

"Alisema, 'Sijauza, bosi.' Basi. Bosi akamuuliza, kama hujauza, michirizi inatoka wapi? Akanyamaza."

"Akanyamaza?"

"Kimya kabisa. Hata mimi nilishangaa. Bosi akauchukua mkoba wake, akaukung'uta pale pale."

"Unasema akaukung'uta?"

"Aliugeuza juu chini, Bibi. Kitana, kitambulisho, mafuta, na vile vitu vyenu vya kike. Vyote kwenye maji ya sabuni, na watu wanatazama. Mimi na Dada wa Risiti, yule wa kidirishani, ndio tuliookota."

"Akaiona waksi humo?"

"Hakuna kitu."

"Akaomba radhi?"

"Akasema basi ameshaiuza."

Nimeishi miaka mingi, nimetukanwa na watu wenye sauti na watu wenye vyeo, na mengi nimeyameza. Lakini hili halikumezeka. Mkoba wa mtoto wa kike, anamwaga mbele ya wanaume waliokaa kwenye benchi wanasubiri magari. Kama una shaka na mtu, mwite pembeni, muulize, ipime hiyo chupa. Huyu hakupima chochote. Kunusa mara moja tu, tayari amehukumu. Nilizunguka jikoni nikisema peke yangu, hata Mrefu akaniletea maji kwenye kikombe changu mwenyewe, akasimama akinitazama mpaka nikayamaliza.

Jioni ile nilivifua vile vitambaa kwa uangalifu kuliko siku zote. Nilitaka viwe shahidi. Mtu atakayeviona vilivyo safi atajua mwenye navyo ametoka nyumba ya namna gani. Nikatia vifuniko viwili vya dawa, na nusu juu yake.

Asubuhi, mjukuu wangu bado amejifunika gubigubi, nikavikunja vinne vinne, nikavipanga kwenye kikapu, nikavaa viatu vya kufunga, nikaondoka.

Kile kituo nilikuwa nimekiona kwa mbali tu. Ni uwanja wa saruji wenye mteremko, bomba katikati, na pembeni banda la mabati. Kuna mashine ya presha inayonguruma kama mtu mwenye hasira asiyejua aseme nini. Mrefu aliponiona akaizima, nisirushiwe maji. Msichana wa kwenye kidirisha cha risiti akatoka na kiti chake mwenyewe. "Kaa, Bibi," akasema, "mimi nimekaa tangu saa moja." Uongo wa wazi, ila uongo mzuri.

Mwenye kituo alikuwa ofisini. Wafanyakazi wanamwita Haraka, kwa kuwa ndilo neno lake, na hata kutoka nje alitoka kwa haraka, funguo zikicheza mkononi.

"Shikamoo. Naambiwa unaniulizia."

"Marahaba. Mimi ni bibi yake Kioo."

Funguo zikatulia.

"Bibi, mambo ya kazi yana taratibu zake. Mimi na wewe hatuna ugomvi."

"Ugomvi tunao, mwanangu, ila ulikuwa hujapewa taarifa."

Mtu mmoja kwenye benchi akakohoa kuficha kicheko. Alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani, na chini ya banda palikuwa na gari jeusi lililojaa ukungu, nikajua huyo ndiye Mwalimu.

"Umemwita mjukuu wangu mwizi," nikasema. "Mbele ya watu. Nimekuja unionyeshe alichoiba."

"Bibi, magari yenyewe si unayaona? Tazama hili hapa. Waksi ya kweli haifanyi hivi. Chupa ninayo mezani, nimeiweka kama ushahidi."

"Umeipima?"

"Nimeinusa."

"Wewe ukinusa sufuria unajua kama chumvi imekolea?"

Sasa hata Mrefu alikuwa anatazama juu kwenye mabati ya banda, akijizuia asicheke. Haraka akasema ana kazi nyingi, asubuhi ndiyo saa ya wateja, na kwamba kwa heshima ya uzee wangu hakupeleka jambo hili mbele. Alitamka "heshima ya uzee" kama anayenigawia peremende. Nikamwambia heshima hiyo angeanza nayo jana, kwenye mkoba. Leo nilichotaka ni kimoja: ailete ile chupa, ipulizwe hapa hapa watu wakiona, ifutwe kwa vitambaa safi. Kama ni maji na sabuni, nitashika njia niende zangu na sitatia mguu tena. Kama ni waksi, tutaongea mengine.

"Boneti yangu mimi naitoa," Mwalimu akasema, akasimama. "Imeshaharibika, haiwezi kuharibika zaidi."

"Haya, haraka basi," Haraka akasema, akaenda kuileta chupa.

Wakati huo mjukuu wangu akaingia getini. Alikuwa amekimbia, kitambaa cha kichwani kimeshuka shingoni. Aliona kiti, akaniona mimi, kisha akakiona kikapu magotini mwangu, na hapo akasimama kabisa.

"Bibi, twende nyumbani."

"Tutakwenda. Kwanza futa boneti hii."

"Bibi, tafadhali. Hii kazi siitaki. Twende tu."

Nilidhani anaogopa. Hilo likanichoma zaidi, kwamba mtu amemtisha mtoto mpaka anaogopa kutetewa. "Huendi popote," nikamwambia. "Wewe hujaiba. Shika kitambaa."

Nikachagua cha juu kabisa, cheupe, nikampa. Akakipokea kwa mikono miwili, kama siku zote nikimpa kitu. Mrefu akaiosha boneti, akaikausha. Mjukuu wangu akaweka kiganja, akaona imepoa, akaitikisa ile chupa, akapuliza mara mbili, akaanza kutandaza. Mkono wake ulikuwa mzito. Akafuta. Akageuza upande wa pili, akafuta tena.

Michirizi. Mirefu, myeupe, inafuata njia ya mkono wake. Ukungu juu yake, kama mtu aliyepumulia kioo.

"Mmeona?" Haraka akasema, akawageukia watu wa kwenye benchi. "Mmeona wenyewe au hamkuona? Kuna la kuongeza, Bibi?"

Nilisimama pale na kikapu changu. Nikamtazama mjukuu wangu ili anieleze, na yeye hakuwa anaitazama chupa, wala Haraka, wala boneti. Alikuwa anakitazama kitambaa. Kisha akaitazama miguu yangu.

Nikakichukua kile kitambaa mkononi mwake, nikakinusa.

Maua. Maua juu ya maua. Nilipokisugua kati ya vidole kiliteleza, kama kimepakwa mafuta. Nikakumbuka kabati la jikoni, wiki iliyopita, lilivyokuwa na ukungu nikadhani ni macho yangu yanazeeka. Nikakumbuka na ile jioni: Bibi, leo niachie, nitafua mwenyewe.

Alikuwa anajua. Alipoulizwa mbele ya watu wote michirizi inatoka wapi, jibu alikuwa nalo mdomoni, na jibu lenyewe lilikuwa mimi.

"Mwanangu," nikamwambia Haraka, "lete kitambaa kipya. Kimoja tu, katika vile vya ofisini."

"Vile ni vya kuuza."

"Niuzie mimi," Mwalimu akasema.

"Bibi, usifanye hivyo," mjukuu wangu akasema chini kwa chini. "Si kitu. Nitapata kazi kwingine."

"Wewe nyamaza. Umeshanyamaza kunyamaza kubaya, sasa nyamaza kunyamaza kuzuri."

Kitambaa kikaletwa, Mwalimu akachana nailoni. Chupa ile ile, mkono ule ule, nusu ya pili ya boneti. Mjukuu wangu akapuliza mara mbili, akatandaza, akafuta. Mawingu yalitokea ndani ya lile bati jeusi, na ukingo wa banda, na Mrefu mzima mzima kuanzia kichwani hadi kiunoni. Msichana wa risiti akainama akajitazama meno.

"Waksi ni waksi," Mwalimu akasema. "Haina kasoro."

Nikageuka ili wote wanione. "Vitambaa hivi nimefua mimi," nikasema. "Nimetia dawa ya kulainisha, kila siku, kwa wiki mbili. Nilitaka viwe laini kwa mikono yake. Dawa ndiyo inayoacha mafuta, na mafuta ndiyo michirizi. Aliyeharibu magari yenu ni mimi. Mwalimu, nisamehe kwa gari lako."

"Mama yangu," Mwalimu akasema, "kwa maisha yangu yote sijasikia gari lililoharibiwa kwa upendo." Akaokota vitambaa viwili vilivyonianguka, akavirudisha kikapuni.

Haraka yeye akacheka. Alicheka kwa furaha, kama mtu aliyeambiwa deni lake limefutwa. "Kumbe ni Bibi. Basi, yamekwisha. Kioo, vaa buti, kuna magari matatu yanasubiri. Haraka."

Akageuka aende ofisini.

Sasa niwaambie, aibu yangu nilikuwa nayo, tena nzito. Lakini aibu haikuifukuza hasira, vyote viwili vilipata nafasi ya kukaa. Yamekwisha? Jana mtu ameitwa mwizi, leo anaambiwa avae buti?

Pale bombani palikuwa na ndoo tupu. Nikaipindua chini juu, nikaikalia, nikafunga bomba, nikaweka mkono wangu juu ya koki.

"Bibi, unafanya nini?"

"Nimechoka, nimekaa. Jana uliposema neno lile ulikuwa umesimama wapi?"

"Neno gani?"

"La mwizi."

Akatazama huku na huku. "Twende ofisini, Bibi, tuzungumze vizuri, unywe na chai."

"Ulilisemea ofisini?"

Akazichezesha funguo.

"Ulilisemea hapa, bombani. Basi na kulirudisha ulirudishie hapa. Mimi kosa langu nimelisema mbele ya watu, na sikufa. Na wewe hutakufa."

Gari jingine likaingia getini, likajipanga nyuma ya yale matatu. Dereva akapiga honi. Mrefu akanyanyua mpira wake wa maji, akaitazama ile koki, akanitazama mimi, akauweka mpira chini kwa upole kabisa. "Maji hakuna, bosi," akasema.

Haraka akajifuta jasho. Akasema kwa jumla, akiwa anatazama upande wa barabara, kwamba jana kulitokea hali ya kutoelewana.

"Hilo silo neno ulilotumia," nikasema. "Kiswahili cha jana kilikuwa kifupi."

Honi tena.

"Kioo si mwizi," akasema.

"Yule wa kwenye gari la nyuma hajasikia."

"Kioo si mwizi. Hakuuza waksi. Nilikosea."

"Na mkoba, bosi," Mrefu akasema, macho yakiwa kwenye buti zake.

Haraka akamtazama Mrefu kwa muda, nikahofia mkate wa watoto wawili. Lakini Dada wa Risiti naye alikuwa ametoka tena dirishani na kusimama, na jamaa mmoja wa kwenye benchi aliyekuwepo jana, na Mwalimu na miwani yake. Haraka akamgeukia mjukuu wangu, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akasema polepole.

"Na mkoba. Haikuwa sawa. Samahani."

Mjukuu wangu akaitikia kwa kichwa. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sikujua kama anayo, "Nitarudi Jumatatu, bosi. Na vitambaa vya waksi vitafuliwa hapa, kwa sabuni ya hapa, na vitatoka kabatini."

"Tutaangalia."

"Jumatatu nitaangalia na mimi."

Nikafungua bomba.

Nyumbani nikachemsha maji, nikavitumbukiza vitambaa vyote kumi na viwili kwenye beseni, tukakaa kila mtu upande wake. Hapo ndipo hasira yangu iliyobaki ilipopata njia.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi sana na ile harufu, Bibi. Nikajua Jumanne. Nilifuta boneti kwa kilemba changu ikatoka safi, nikanusa kitambaa. Nikasema nitafua mwenyewe, ukanifukuza."

"Ungesema."

"Ningesema ungeacha kufua kabisa. Nakujua. Ungekaa ukijiona huna kazi."

"Na jana? Anakuita mwizi, na jibu unalo?"

"Ningesema bibi yangu ndiye aliyeharibu, akaanza kukucheka pale na wale watu? Bora anicheke mimi."

Nilimwaga yale maji. Yalikuwa na povu la waridi. Nikamimina mengine ya moto.

"Sikiliza," nikamwambia. "Siku nyingine ukiwa unatakiwa kuchagua, niaibishe mimi. Mimi nikichekwa watasahau. Wewe ndio kwanza unalitafuta jina lako. Nimekukasirikia kuliko nilivyomkasirikia yule. Nisikie tena umeninyamazia kwa ajili ya kunipenda, nitakuchapa pamoja na hii mipasuko yako ya mikono."

"Ndiyo, Bibi."

"Usicheke."

"Sicheki."

Tulisuuza mara tano kabla maji hayajatoka meupe. Alikamua yeye, mimi nikaanika. Harufu haikutoka yote, ila vilipokauka nilichukua kimoja nikapitisha kwenye kabati la jikoni, na kilemba changu kikaonekana, kimekaa upande.

Jioni jirani yangu mshona nguo alipita dirishani akauliza, "Vipi ile dawa, Bibi? Inakufaa?"

Mjukuu wangu akanitazama aone nitasemaje. Nikaitazama miguu ya jirani yangu.

"Mashuka yananukia, mwanangu," nikasema. "Asante sana."